Sharubu Tatu Kila Upande

Pyo Kwangsop alikuwa amefika kwenye sikio la kushoto. Alishika brashi nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, akavuta unywele mmoja, akanyanyua mkono, akapumua, akavuta wa pili. Sikio moja lilikula mistari mia mbili na ushei. Uso mzima ulikula siku tisa, na hiyo ilikuwa ya saba.

Ndipo kicheko kikapasuka nyuma yake.

Hakikuwa kicheko cha adabu, kile ambacho watu wa Solgol humpa mkuu wa kijiji akirudia mzaha wake wa kila mwaka. Kilikuwa kicheko cha Bibi wa Yongdok, mwenye miaka themanini na sita, ambacho huanza kama kikohozi, kikapanda, kikazidi kupanda, hadi mwenyewe alazimike kutoa meno yake ya bandia na kuyatia kikombeni yasije yakamtoka.

"Utaniua, Mama Unha! Mtazameni! Mtazameni alivyokunja mdomo! Kama mtu aliyetia kiazi cha moto kinywani, kukitema anaona haya, kukimeza hawezi!"

Brashi ya Kwangsop iliteleza. Unywele mmoja ukaenda upande, wa kwanza kupotea tangu siku ya kwanza.

Hakugeuka. Aliisuuza brashi, akaifuta, akairudisha mahali pake. Kisha akainuka taratibu kwa ajili ya goti lake, akaelekea kwenye birika kama mtu anayekwenda kujiongezea chai, ingawa kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Njia ya kwenda kwenye birika ilipita mbele ya meza ya mkewe, huyo Mama Unha.

Wote mle katika jumba la kijiji walikuwa wakichora kitu kimoja, kilekile kinachochorwa kila mwisho wa baridi: chui milia ameketi chini ya msonobari, na juu ya tawi kachi, yule ndege mweusi mwenye kifua cheupe, wa ukoo wa kunguru, anayeleta habari njema. Kazi yenyewe haina siri. Unaweka mchoro wa kale chini ya karatasi, unaufuata kwa wino, kisha unatia rangi. Lakini mchoro wa kale wa mkewe ulikuwa sakafuni, ameuwekea sahani ya viazi. Chui aliyekuwa mezani alitoka kichwani mwake mwenyewe.

Chui huyo alikuwa ameketi, mgongo umemwinama kama gunia la mchele lililoegemezwa ukutani. Mgongoni alikuwa na milia, kifuani madoa, kana kwamba kitambaa kilimwishia fundi njiani. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Jicho moja lilimtazama kachi na jingine lilitazama pembeni, kama la mtu anayepima umbali wa mlango. Na kachi naye! Amejiinamisha hadi karibu aanguke, mdomo wazi, mguu mmoja juu, anafoka.

Kichekesho tu, Kwangsop alijiambia. Lakini alipohamisha macho kwenda kwenye birika alihisi chui amejisogeza kidogo, akarudisha macho haraka kuhakikisha. Kicheko kilimpanda, kikamfika kwenye meno. Akakifungia hapohapo.

"Miguu ya mbele haitoshani," alisema.

"Kweli, haitoshani," mkewe alikubali, akailamba brashi.

Hilo nalo. Mtu anayefifisha rangi hushika brashi mbili kwa mkono mmoja: moja ya rangi, nyingine ya unyevu inayoifukuza rangi ile hadi iishe. Kwangsop aliichovya ya unyevu katika maji safi, aliyoyabadilisha kila saa. Kumrye, mkewe, aliilamba. Ulimi wake ulikuwa wa kijani tangu asubuhi. Alianza kuja jumbani majira ya baridi yaliyopita, siku ambayo sakafu ya nyumbani, inayopashwa moto kwa chini, ilikataa kupata moto. Alifuata joto tu. Akapewa brashi ili asikae bure.

Kwangsop mwenyewe alijifunza bila mwalimu. Baada ya miaka thelathini ya kubeba barua katika mabonde yale, aliokota kalenda kuukuu yenye picha ya chui milia, akamfuata unywele kwa unywele kwa miezi minne. Tangu hapo, kila majira ya kuchipua yanapoingia, chui wake ndiye aliyebandikwa kwenye lango la jumba kulinda mwaka wa kijiji. Miaka kumi na mmoja. Watu walisimama mbele yake, wakatikisa kichwa, wakasema, "Hii ndiyo kazi ya mkono," kisha wakauliza kama chai iko tayari. Hadi siku ile alikuwa akidhani hizo ni sifa.

*

Asubuhi iliyofuata walikuwa wakila kifungua kinywa wakati kipaza sauti cha kijiji kilipokoroma.

"Alo. Alo. Moja, mbili. Ndugu wanakijiji, hamjambo. Ni mimi mkuu wenu, Noh Sangdal. Kwanza: mbwa aliyekula samaki wa Mama Chilgu anajulikana, na mwenye mbwa anajulikana, sisemi zaidi. Pili: kesho kutwa majira ya kuchipua yanaingia saa kumi na dakika arobaini na mbili za jioni. Picha ya lango itabandikwa dakika hiyohiyo, tusifanye kama mwaka juzi. Tatu." Hapo kipaza sauti kikasikika kikimeza mate. "Tatu, kina mama wameomba, nami nimekubali, kwamba mwaka huu tubandike chui wa Mama Unha. Kaka Kwangsop, kama unanisikia, nakuja hapo nyumbani. Usifunge mlango."

Kijiko cha Kumrye kilisimama juu ya bakuli la supu.

"Mimi sikuomba," alisema.

"Sikusema umeomba."

"Basi mbona unatafuna supu?"

Sangdal alifika akihema, na mfuko wa mapeasi mkononi. Aliketi ukingoni mwa kibaraza, viatu hakuvua.

"Kaka, usinikasirikie."

"Nimekasirika?"

"Hujakasirika. Ndiyo maana naogopa."

Kwangsop aliyapanga mapeasi kwa ukubwa, dogo hadi kubwa. "Niulize neno moja tu, Sangdal. Chui wa langoni kazi yake nini?"

"Kuzuia mabaya."

"Mabaya yatamwogopa yule?"

Sangdal alijikuna shingo. "Nami niliuliza hilohilo, Kaka. Bibi wa Yongdok akanijibu, baya likifika pale litaanza kucheka, na likimaliza kucheka litakuwa limesahau lilikuja kufanya nini."

Jikoni, alikokuwa Kumrye, kulikuwa na kimya cha mtu anayejibana mbavu asicheke.

"Wako ni mzuri," Sangdal aliendelea. "Manyoya yale! Nikimtazama wako nahisi nikae wima. Nikimtazama wa shemeji nasahau mgongo wangu unaniuma. Sasa, Kaka, watu wa kijiji hiki migongo yao..." Aliinama, akaondoka upesi, na mbwa wake nyuma yake, yule aliyejulikana.

Siku nzima ile Kwangsop hakumwambia mkewe neno baya hata moja. Alimpitishia kimchi, ile kabichi ya pilipili. Alimwambia theluji ya juu ya paa inayeyuka. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kama mwiba wa samaki uliokwama kooni: ukimeza unachoma, usipomeza unachoma. Kama angeshindwa na mchoraji wa mjini, aliyesoma, angesema ndiyo, kila mwenye shule na shule yake. Lakini huyu alikuwa mtu aliyemwona akimenya vitunguu saumu miaka arobaini na minne. Alipata wapi kitu kile? Na kama alikuwa nacho siku zote, alikuwa amekificha wapi katika nyumba ya vyumba viwili?

Picha yenyewe Kumrye aliileta nyumbani ili amalizie majani ya msonobari, akaitundika ukutani ikauke. Usiku Kwangsop alilala akiwa ameipa mgongo. Alihisi jicho moja linamtazama yeye, na jingine linatazama mlango.

*

Siku ya kuamkia kubandika, wanawake wa Solgol walikwenda mjini kuoga katika maji moto, kama wanavyofanya kabla ya kila siku kubwa. Kumrye alibeba taulo na sabuni, akasema, "Supu iko jikoni, na ule mfereji wa paa bado unakungoja," akaondoka.

Kwangsop aliketi kidogo. Kisha akaiteremsha picha ukutani.

Hakuna aibu, alijiambia. Kila mchoraji aliyewahi kuishi alijifunza kwa kuweka kazi ya mwenzake chini ya karatasi. Akifuata mistari yake yote, tangu sikio hadi mkia, mkono wake utajua siri iko mstari gani, na mwakani atairudisha langoni. Ndivyo alivyojiambia. Hata hivyo alitazama mlango mara mbili, akavuta karatasi kutoka kwenye saraka bila kuitazama, akailaza juu ya chui, akasaga wino.

Alianza na mgongo. Alitegemea kukuta uzembe. Akakuta mstari mmoja mrefu ambao haukusita popote. Brashi yake, iliyozoea vinywele, ilibidi ikimbie ili isiachwe. Akafika begani. Akashuka kwenye mguu ule mrefu, ule wa makosa. Ulishuka umenyooka, mkavu, haukukunjika gotini, na mwisho ukageuza vidole nje.

Goti lake likamuuma.

Aliinamisha macho. Chini ya meza, mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa, mkavu, vidole vimegeukia nje, vile unavyokaa tangu siku aliyoanguka na baiskeli katika theluji akiwa na mfuko wa barua. Akautazama ule wa karatasini. Akautazama wake. Polepole akapeleka mkono wa kushoto nyuma, akapapasa mgongo wake. Gunia la mchele.

Akainua brashi hadi usoni pa chui, akaigusisha kwenye mdomo ule uliokunjwa, na hapo akaganda. Ni nani huketi hivi? Na lini? Jicho moja kwa anayesema na jingine kwenye mlango? Aliusikia mfereji wa paa ukidondosha maji nje, tone kwa tone, na akajua ni nani, na lini, na kachi yule anafoka kuhusu nini.

Muda wote huo brashi ilikuwa imesimama palepale.

Karatasi ya mforosadi haichorwi ikiwa mbichi. Kwanza hupakwa maji ya gundi na shabu, mara mbili, ikaanikwa. Bila hivyo hunywa wino kama mchanga unavyokunywa maji. Kwangsop aliweka zilizopakwa katika saraka ya juu na mbichi katika saraka ya chini, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kukosea saraka. Leo, macho yakiwa mlangoni, mkono wake ulifungua ya chini.

Alipoinua karatasi yake, wino ulikuwa umekwisha kuvuka. Doa jeusi, pana kama kiganja cha mtoto, lilikuwa limefunika mdomo wa chui wa mkewe, pua na nusu ya shavu.

Na Kwangsop akafurahi.

Ilikuwa furaha fupi, ya kumeza mate mara moja tu. Katika mmezo huo aliliona lango, na chui wake mwenyewe, aliyebakiza sikio moja, akirudi mahali pake. Kisha mate yakapita, furaha ikapita nayo, akabaki na picha iliyoharibika na mikono yake miwili. Alifikiria kumsingizia mbwa wa Sangdal, lakini mbwa yule tayari alikuwa na kesi ya kumtosha. Akaiacha picha mezani palepale, na karatasi mbichi kando yake, na brashi kando ya karatasi. Akaketi kungoja.

*

Kumrye alirudi saa tisa, mashavu mekundu, taulo kichwani.

"Bibi wa Yongdok kasahau meno bafuni, tumerudi nusu ya njia..." Alitazama meza. Alikuwa mtu wa nyumba ile, hakuhitaji kuelezwa. Aliona saraka ipi ilikuwa wazi.

"Karatasi mbichi?" aliuliza kwa mshangao, kana kwamba hilo ndilo kubwa. "Wewe?"

"Mimi."

"Ulikuwa unamnakili."

"Nilikuwa namnakili."

Alikaa. Akalivua taulo. "Na ulipoliona doa?"

Kwangsop angeweza kusema alisikitika. Ilikuwa kweli pia, sehemu yake kubwa. "Nilifurahi," alisema. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kumeza mate."

Hapo ndipo Kumrye alipoanza. Alisema juu ya doa, akasema juu ya mtu mzima wa miaka sabini na moja anayevizia wanawake waende kuoga, akasema juu ya siku mbili za kutafuna supu, akasema juu ya mfereji wa paa, uliokuwa na kesi ya mwaka mzima. Alisimama, akajiinamisha juu yake, kidole kimoja hewani. Kwangsop aliketi. Mgongo ukamlegea. Mguu wa kulia ukajinyoosha wenyewe. Akakunja mdomo. Na jicho lake moja, bila yeye kulituma, likaenda mlangoni.

Kumrye alinyamaza katikati ya neno.

"Usitikisike," alisema.

"Nini?"

"Hapo hapo ulipo. Usitikisike, baba wee. Karatasi zilizopakwa zimo wapi? Saraka ya juu?"

Katika saraka ya juu ilikuwamo moja tu kubwa ya kutosha. Kwangsop aliipaka mwenyewe mara tatu badala ya mbili, akiiwekea chui wake wa mwakani. Alifungua mdomo kusema hivyo.

"Chukua," alisema.

"Mdomo! Funga mdomo, urudishe ulivyokuwa."

Akachora bila mchoro wa chini, akimtazama yeye, kisha karatasi, kisha yeye.

"Wanajua?" Kwangsop aliuliza kwa pembe ya mdomo.

"Nani?"

"Watu. Kwamba ni mimi."

"Mh." Alilamba brashi. "Bibi wa Yongdok alijua kabla sijamaliza sikio. Unadhani alikuwa anamcheka chui?"

Kwa hiyo walipokuwa wakisimama mbele ya meza ile na kujishika mbavu, walikuwa wakimwona yeye. Na walimtaka langoni. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewapa nywele elfu kumi na hawakumwomba hata moja. Huyu mkewe kawapa goti bovu la mumewe, na wanalipigania kwenye kipaza sauti. Aligeuza wazo hilo huku na huku. Bado lilichoma, ila sasa hakujua amwonee kijicho nani, Kumrye au yule mnyama. Yule alipendwa na kijiji kizima bila kufanya kitu.

"Miaka thelathini nilibeba barua," alisema hatimaye. "Habari njema za watu wote wa bonde hili zilipita mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa kachi."

"Ulikuwa kachi huko nje. Humu ndani kachi ni mimi."

"Hata rangi hatufanani, mimi na yule."

"Ndiyo, yule mzuri zaidi. Kaa sawa."

Mwanga wa dirishani ulianza kugeuka. Kumrye hakuwa na masharti mengi katika kazi yake, lakini moja alilifuata: hachori usiku, kwa kuwa taa ya umeme hudanganya rangi. Aliinyanyua karatasi, akaisogeza mbali. Uso ulikuwamo, na mgongo, na mguu mrefu. Mdomo ulikuwa umekunjwa zaidi kuliko wa kwanza. Juu ya kiazi kile cha moto sasa ilikuwa imeongezeka aibu ya doa. Mkia haukuwapo, wala kachi, wala rangi hata tone.

Kwangsop alisogea kwa goti lake kutazama. Kicheko kikampanda. Safari hii kilimponyoka kupitia puani, sauti kama ya kipaza sauti cha kijiji kinapowashwa, akajifanya amekohoa.

"Miguu haitoshani," alisema.

"Lete yako nipime."

Aliichukua brashi yake nyembamba, akaigeuzageuza vidoleni. "Kesho una mkia, kachi, tawi, na rangi yote, kabla ya saa kumi na dakika arobaini na mbili. Hutawahi peke yako." Akasafisha koo. "Sharubu naweza kukusaidia."

Kumrye alimtazama, akaitazama brashi, akamtazama tena. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko Kwangsop alivyopenda.

"Tatu," alisema.

"Tatu?"

"Tatu kila upande. Ukiniwekea arobaini nakurudisha kwenye mfereji."

"Nne."

"Tatu, Baba Unha."

Kwangsop alikwenda kumwaga maji ya wino, akaleta kikombe cha maji safi kwa ajili ya asubuhi, akakiweka upande wake wa meza. Akafikiri, akaleta cha pili, akakiweka upande wa mkewe, ingawa alijua hatakitumia. Kisha akailaza brashi nyembamba kando ya uso wa chui, sawasawa na pua, akainama karibu kabisa, akaanza kupima kwa ukucha ni wapi ile ya kwanza itakapoanzia kesho.